Uzoefu wangu: Laser ya mtumba, kiroba cha kamba na Bwawa la Hombolo

Kama unataka kuniuliza mtu wa Dodoma anafanya nini na boti ya tanga, pole, majirani zangu wa Ilazo wamekuwahi. Ilishushwa kwenye Fuso saa mbili usiku, na kulipokucha watoto wa mtaa walishaipa jina: safina.

Ni Laser ya mtumba, niliyoinunua Dar kwa mtu aliyekuwa anahama. Milioni tatu na laki mbili, pamoja na tanga, usukani na ule ubao wa katikati unaochomekwa kuelekea chini. Mwili ni wa faiba, mita 4.2, kilo 59 hivi, kwa hiyo watu wawili wanainyanyua bila kutukanana. Ndiyo aina iliyoingia Olimpiki mwaka 1996. Siku hizi kwenye mashindano inaitwa ILCA. Kuhusu mwili sina neno. Kabla ya kulipa nilijaza maji kwenye tundu unamosimama mlingoti, nikasubiri robo saa, hayakushuka. Ukinunua Laser iliyotumika anzia hapo, maana mchanga ukikaa humo mlingoti unasaga tundu kila unapozunguka, mpaka linatoboka na maji yanaingia ndani ya mwili huku wewe unajiona uko salama.

Kilichonitesa ni kiroba. Muuzaji alifungua kamba zote, akazitia kwenye kiroba kimoja pamoja na makapi yake, yaani roda zinamopita, akakaza mdomo. Nikamuuliza zinafungwaje. "Utaona mwenyewe, ni rahisi tu kaka." Nilimwaga kile kiroba uani Jumamosi asubuhi, na adhuhuri bado nilikuwa natafuta kamba ya kutweka tanga. Nimepanda ngalawa Bagamoyo, najua tanga hupanda kwa kamba inayopita juu ya mlingoti. Hapa haikuwepo. Nikamwandikia muuzaji ujumbe ambao leo siwezi kuurudia.

Shemeji yangu wa Pangani ndiye aliyeniokoa, kwa simu ya video. "Shem, hebu geuza hilo tanga ubavuni. Si unaona lina mfuko? Hapo hakuna cha henza wala jarari. Tanga hilo linavaa mlingoti kama soksi." Kweli. Henza na jarari ndizo kamba za kutwekea, na hapa hazipo. Mlingoti una vipande viwili. Unaviunganisha, unauvisha tanga, kisha unausimamisha kwenye tundu. Hakuna waya wa kuushikilia mbele wala ubavuni. Nikamwomba muuzaji radhi. Hajajibu mpaka leo.

Lakini soksi ina gharama yake, na hili sikuliona likisemwa wakati nanunua: ukiwa katikati ya maji huwezi kutua tanga. Upepo ukikuzidi, unachoweza ni kuachia demani, yaani kamba ya kuvutia na kulegezea tanga, ili tanga lipepee kama bendera na boti isimame. Tena mlingoti wenyewe hauna kinachoushika, boti ikipinduka kabisa unaweza kuchomoka. Sasa naufunga kwa kamba fupi kila ninapotoka.

 Demani hii ndiyo iliyonila muda mwingi. Inaanzia kwenye kapi la nyuma la boriti ya chini ya tanga (niliita foromali, shemeji akacheka, foromali hukaa juu), inashuka hadi kapi la tezi, yaani nyuma ya boti, inapanda tena, inatembea chini ya boriti kuja mbele, halafu inashukia mkononi mwako kupitia kapi lenye meno. Hilo kapi lina upande. Ukipitisha kamba sawasawa, ukivuta linalia krr krr na linakusaidia kushika. Ukiigeuza, liko kimya na uzito wote unabaki viganjani. Mimi niliigeuza. Nilizunguka Hombolo siku ya kwanza kwa dakika arobaini, nikarudi viganja vimechubuka, nikidhani ndivyo mchezo ulivyo.

Kosa la pili siku hiyohiyo: kana, yaani mpini wa usukani, niliupitisha juu ya ile kamba inayokatiza tezini badala ya chini yake. Kila nikigeuka, kapi linajibana kwenye mpini na tanga linakwama upande mmoja. Na kamba yenyewe nilikuwa nimenunua sokoni Majengo, ya kufungia mizigo, nzuri kwa magunia ya karanga. Kwenye boti inavutika kama mpira, wakati pale inatakiwa ikaze kabisa. Tafuta isiyonyumbuka, hata ikibidi kuagiza Dar.

Hombolo ni bwawa la mwaka 1957 na tope limejaa pembeni, kwa hiyo ubao wa katikati nausukuma chini taratibu baada ya kutoka ufukweni. Upepo wa Agosti unatosha kabisa, mchana unatosha kupita kiasi. Mara ya tatu, kamba zikiwa mahali pake, boti iliinama kidogo, ikachukua kasi, na kijana mmoja mvuvi ndani ya mtumbwi akasimama kabisa kutazama.

Kwa anayejifunza peke yake huku bara ningeichagua tena, kwa sababu ya uchache wa kamba zake. Ila nisingemlipa mtu kabla hajaifunga yote mbele yangu huku napiga picha kila fundo. Zangu sasa nimezizungushia utepe wa rangi, nyekundu ni demani.

Rafiki zangu wanataka tuipeleke Mtera. Maji ni mapana, kweli, lakini kuna visiki vya miti iliyozama bwawa lilipojazwa, na ubao wangu unashuka karibu sentimita 80. Nitaenda kwanza na mvuvi wa kule, kwa mtumbwi wake, anionyeshe vilipo.