Zahanati nzuri Mishomoroni, nyota moja nimezuia kwa sababu ya miwani

Mpwa wangu kazi yake kuchinja mbuzi, wale wanaoletwa na malori kutoka kwa wafugaji. Wiki jana kashikwa na homa kali, kichwa, viungo vyote vyamuuma, usiku pua ikaanza kutoka damu. Tulianzia zahanati nyengine, siitaji jina, damu ikamwagika kitandani wakanipa pamba nipanguse na mkono mtupu na mimi nikapangusa, nilijua nini?

Hapa nesi kabla hata hajamgusa akamuuliza kazi yake nini, ameumwa na kupe, ameshika damu ya mnyama siku hizi? Kijana akasema kupe huwabandua kwa vidole na kuwaponda kwa kucha. Nesi akavaa glavu, barakoa na aproni ya plastiki, akamtia chumba cha peke yake, mimi akaniambia "mama kaa hapo mlangoni, na hiyo leso yenye damu itie kwa huu mfuko." Kusema kweli niliumia, nikaona anamnyanyapaa mtoto wetu.

Alafu akanikalisha akanieleza. Kuna homa ya Crimea-Congo, yaletwa na kupe, mbuzi au ng'ombe anaweza kuwa na virusi na ukamuona mzima kabisa, mchinjaji akaipata kwa damu, na yeye akampa anayemuuguza kwa damu au majimaji ya mwili. Inaua kati ya watu 10 na 40 katika kila 100 wanaougua, na hapa Kenya mgonjwa alithibitishwa mwaka 2000. Nikaitazama mikono yangu.

Majibu ya maabara yalipokuja ilikuwa dengi, hiyo twaijua hapa Mombasa, alhamdulillahi anaendelea vizuri.

Kumuona daktari shilingi 500, foleni ya asubuhi ndefu, bora uende baada ya adhuhuri.

Sasa nyota niliyozuia. Nesi yule macho yake yalikuwa wazi. Nilisoma habari kwamba huko Japani mwaka 2023 daktari kijana aliambukizwa na mgonjwa wake ugonjwa mwengine wa kupe, uitwao SFTS, alikuwa na glavu na barakoa lakini miwani ya kukinga macho hakuvaa. Mwenye zahanati ukisoma hapa tafadhali wanunulie manesi wako miwani, huyu dada alitulinda sisi sote na yeye ana watoto nyumbani.