Kabla hujanunua Escudo, RAV4 au X-Trail, tazama chini ya gari

Bisibisi ya fundi iliingia kwenye bati la chini ya mlango wa gari yangu kama kisu kinavyoingia kwenye boflo. Hakusukuma. Aligusa tu, ikazama mpaka kwenye mpini, na alipoichomoa yakamwagika maganda ya kahawia, membamba, yamepandana kama ya kitunguu. "Bi, njoo uangalie mwenyewe," akaniambia, "maana nikikuhadithia utasema nataka pesa."

Gari hiyo niliinunua kwa shilingi milioni 17. Rangi ya fedha inang'ara, viti havina doa, injini imetulia. Jina la gari silitaji, na la aliyeniuzia silitaji, kwa sababu kilichoila si kiwanda. Niligundua siku niliyokuwa nikirudi kutoka Chwaka na watoto watatu kiti cha nyuma, mdogo wao kapakata ndoo ya pweza. Karibu na Dunga nikakanyaga breki, pedeli ikazama mpaka chini. Pipe ya breki ilikuwa imeliwa na kutu, ikapasuka. Gari ikapunguza mwendo kidogo tu. Nikavuta hendibreki, tukaenda kusimama kwenye migomba ya watu. Pweza walimwagika wote, watoto walilia, lakini Alhamdulillahi hakuna aliyeumia.

Kwa hivyo humu sitazungumzia redio, kamera ya nyuma, wala gari ipi ina buti kubwa. Hayo dalali atakueleza bila kuulizwa. Nazungumzia chumvi, kitu ambacho sijapata kumsikia muuzaji hata mmoja akikitaja.

Gari zetu nyingi hapa Zanzibar huja zimetumika Japani, na zimekula chumvi mara mbili. Ya kwanza huko Japani. Mikoa ya kaskazini na ile inayopakana na bahari ya magharibi, kama Hokkaido, Aomori, Akita na Niigata, huanguka theluji nyingi, na barabarani humwagwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hurukia chini ya gari na kujificha kwenye pembe na matundu. Ya pili ni yetu. Unguja kwa upana haifiki kilomita 40, huna pa kuukimbia upepo wa bahari. Chumvi huvuta unyevu hewani, ikikaa juu ya bati haliishi kuwa chepechepe, na bati chepechepe lenye chumvi huliwa haraka kuliko lililolowa maji matupu. Tuna na la tatu, la kujitakia: watu wanaosha gari kwa maji ya kisima cha chumvi, halafu wanaianika juani wakidhani wameitunza.

Ukiagiza mwenyewe kutoka Japani, dai karatasi ya mnada, ile inayoandikwa hali ya gari inapouzwa mnadani. Watu hutazama daraja la gari na kilomita, wakaishia hapo. Wewe tazama ule mchoro wa gari na herufi zake. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni pahala palipowahi kunyooshwa. Herufi zako wewe mtu wa kisiwani ni S na C. S ni ya sabi, yaani kutu kwa Kijapani, na C ni kutu iliyokwisha kulila bati. Ukiona maelezo ya sabi ya chini ya gari, iache. Uliza pia mnada ulikuwa mji gani. Ukiambiwa Sapporo, hiyo ni Hokkaido, uliza mara mbili.

Sasa gari zenyewe, kwa mpangilio wangu.

1. Suzuki Escudo, kuanzia ile ya 2005

Nasema wazi kwamba mimi ni mtu wa Suzuki, na sasa hivi ndiyo ninayoendesha. Escudo ya umbo hili ina fremu iliyojengwa ndani ya bodi, kwa hivyo haina ule ulegevu wa gari ndogo zilizovalishwa umbo la jeep. Injini ya lita 2.0 inatumia cheni, si mkanda wa kubadilisha kila baada ya muda, na giaboksi yake ni otomatiki ya kawaida ambayo kila fundi wa mjini ameshaifungua. Four-wheel yake ni ya kweli, ina gia ya chini na kufuli la kuyafanya matairi ya mbele na ya nyuma yazunguke pamoja. Masika, njia za udongo za mashamba, au za mawe kule Makunduchi, inapita bila kusukumwa. Tazama gari za kukodisha wageni zinazokwenda Nungwi na Paje kila siku ya Mungu: Escudo za zamani zimo kila pahala, baadhi zina umri kuliko madereva wao. Gari ya kukodisha haionewi huruma na mtu, na bado zinatembea.

Nayo inaliwa na kutu, usidanganyike. Tazama nyuma ya matairi ya nyuma, pale bati la ndani linapokutana na fremu, udongo hukaa pale usitoke. Tazama na bawaba za mlango wa nyuma, maana umebeba tairi ya spea, na mlango ukianza kushuka ujue bati limechoka. Mafuta inakunywa, hilo silikatai. Lakini mafuta unaongeza kwa kadiri ya mfuko wako wa siku hiyo. Fremu iliyooza haina nusu lita.

2. Toyota RAV4

Sifa ya Toyota ya kutosumbua ni ya haki, na spea zake utazipata mpaka Chake Chake. RAV4 ilianza 1994, na zile za milango miwili za miaka hiyo bado zinapanda na kushuka mjini. Inayouzwa sana sasa ni ya umbo la tatu, ya kuanzia mwishoni mwa 2005. Zinazotoka Japani zina injini ya lita 2.4 iitwayo 2AZ-FE, na hii ina ila moja inayojulikana: hula oili kimyakimya. Matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni huziba kwa masizi, oili ikaungua pamoja na petroli. Huko Marekani Toyota yenyewe ilirefusha dhamana kwa ajili ya tatizo hilo. Vuta kijiti cha oili kabla ya kuijaribu, kivute tena baada ya wiki, na usikubali "imepungua kwa sababu ya joto". Toyota Vanguard ya lita 2.4 ni ndugu yake kwa injini hiyo hiyo, kilio ni kimoja.

Na wanaoniambia Toyota haiozi nawajibu hivi: mwaka 2016, huko huko Marekani, Toyota ilikubali kulipa mpaka dola bilioni 3.4 kumaliza kesi ya fremu za pikapu za Tacoma na Tundra na jeep ya Sequoia zilizotobolewa na kutu. Jina kubwa halizuii chumvi.

3. Honda CR-V

Injini za Honda nazipenda. CR-V ya 2006 mpaka 2011 ina cheni, ina giaboksi ya kawaida, na kwa utulivu barabarani inaishinda Escudo. Kilichoishusha hapa ni habari ya 2023: Honda iliagiza gari zaidi ya 560,000 za umbo hilo hilo, za 2007 mpaka 2011, zirudishwe kukaguliwa na kutengenezwa, zile zilizoko kwenye majimbo ya Marekani yanayomwaga chumvi barabarani, kwa sababu fremu ya nyuma ilikuwa ikioza mpaka mkono unaoshika tairi ya nyuma unaweza kubanduka. Hebu fikiria tairi ya nyuma inabanduka unateremka Wete. Ukiipenda, mwambie fundi aanzie nyuma, ndani ya matairi, na asitoke hapo mpaka ameridhika.

4. Subaru Forester

Vijana wanaipenda kwa sauti na mbio zake. Mimi kila nikiiona nakumbuka 2014, ambapo Subaru iliita zirudishwe gari zaidi ya 660,000 Marekani, Forester za 2009 mpaka 2013 zikiwemo, kwa sababu ya pipe za breki kuliwa na chumvi. Mwenye kutoka Dunga kama nilivyotoka mimi hawezi kulipita neno hilo. Ukinunua, badilisha pipe za breki zote siku ya kwanza, hata kama zinang'ara.

5. Nissan X-Trail na Dualis

X-Trail ya kwanza, ile ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilikuwa gari ya kazi. Iliyofuata, pamoja na Dualis, zimekuja na giaboksi ya CVT, isiyotumia meno ya gia bali mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili. CVT inataka oili yake maalumu, na joto ndilo adui yake. Kwa barabara tambarare za Unguja na mtu mwenye subira inaweza kudumu. Kwa ndugu zangu wa Pemba wanaopanda na kushuka vilima kutoka Mkoani mpaka Wete, na oili yenyewe lazima isubiriwe ije na boti, siwashauri. X-Trail ya kuanzia 2013 ina jambo jingine: dada yake anayeuzwa Marekani kwa jina la Rogue, za 2014 mpaka 2016, karibu laki nane Marekani na Kanada, ziliitwa zirudishwe mwaka 2022 kwa sababu maji na chumvi vilikuwa vinapanda kwenye nyaya za upande wa dereva na kuweza kuwasha moto. Funua zulia la miguu ya dereva, tia mkono, nusa.

Za bei ya chini, kama Daihatsu Terios Kid na mfano wake, zinafaa kwa sokoni na skuli. Zitazame chini vilevile.

Namna ya kukagua ni hii. Gari ipandishwe juu, mchana. Gonga bati za chini ya milango kwa mpini wa bisibisi: zima hulia kwa sauti kali, iliyooza hulia kama kadibodi. Fuata pipe za breki kwa tochi kutoka mbele mpaka nyuma. Toa tairi ya spea, tazama shimo lake. Funua mazulia, angalia nati za mikanda ya viti. Zikiwa na kutu, gari hiyo iliwahi kuingia maji. Chukua na sumaku ndogo: pahala haishiki, chini ya rangi kuna puti, si bati.

Na hapa ndipo wauzaji wanaponiudhi. Kutu ya chini wanaipaka rangi nyeusi nzito kama lami, gari ikapendeza chini kama mpya, na kutu inaendelea kula humo ndani ikiwa imefunikwa shuka. Ukiona nyeusi ya juzi kwenye gari ya 2008, iliyofunika mpaka nati na bomba la ekzosi, jua inafichwa. Ukiomba kuipeleka gereji unaambiwa, "Dada yangu, hii imeshuka melini juzi, gereji ya nini?" Wengine bei walikuwa wakiitaja kwa dola wakati mimi mshahara napokea kwa shilingi. Dalali anakula kwako na anakula kwa muuzaji. Nilipokwenda peke yangu niliambiwa milioni 24 kwa Escudo. Wiki iliyofuata akaenda kaka yangu, gari ile ile, uwanja ule ule, akaambiwa 22. Milioni 2 nzima kwa kuvaa buibui. Hilo sijalisamehe.

Fundi wangu anatoza 20,000 kuipandisha gari na kuikagua chini yote. Mimi kuchomelea mabati na kubadilisha pipe za breki kulinigharimu milioni 1.4. Baadaye nikaiuza kwa milioni 9, na aliyeinunua nilimlaza chini na tochi, nikamuonesha kila palipochomelewa.