Ovalbumini daraja la V: unga mzuri kwa panya wa mzio, ila usiamini kibandiko peke yake

Kwa maabara inayoanza kazi ya mzio wa chakula au pumu, unga huu wa protini ya ute wa yai bado ndio wa kununua kwanza. Bei yake ni nafuu na panya wa ukoo wa BALB/c huuitikia kwa IgE (kingamwili ya mzio) nyingi. Wa ukoo wa C57BL/6 ni wagumu zaidi.

Tatizo liko kwenye kibandiko. Ile asilimia 98 iliyoandikwa hapo ni usafi wa protini. Endotoksini (sumu ya ukuta wa bakteria) haimo katika hesabu hiyo, na unga wa daraja hili huja nayo. Puani, endotoksini kidogo huchochea mzio, nyingi huugeuza mwelekeo, na isipokuwepo kabisa panya huizoea tu protini asipate pumu. Kwa hiyo kubadili bechi (toleo la kiwandani) katikati ya utafiti ni kujitakia balaa. Nunua bechi moja ya kutosha kazi yote, uipime kwanza.

Kiasi gani? Mzio wa chakula hula unga: panya waliokwisha kuchanjwa (tazama chini) hupewa miligramu 50 kwa mrija wa tumboni, kwa kuruka siku moja, wakiwa wamenyimwa chakula saa 3 hadi 4. Panya 10 kwa dozi 6 ni gramu 3 nzima, kichupa cha gramu 1 hakifiki popote. Kuhara huonekana ndani ya saa moja, lakini mara nyingi si kwa dozi ya kwanza.

Kuyeyusha: nyunyiza unga juu ya bafa (maji ya chumvi yenye pH tulivu), uache uzame wenyewe. Ukitikisa, lile povu ni protini inayoharibika, na chujio la mikromita 0.22 litaziba.

Kuchanja ili panya apate mzio: mikrogramu 20 za ovalbumini na miligramu 2 za jeli ya haidroksaidi ya alumini (shabu ya dukani ni kitu kingine), zungusha taratibu dakika 30, choma ndani ya tumbo siku ya 0 na ya 14. Jeli isigandishwe kamwe. Chembe zikishikana haibebi tena protini vizuri. Kwa pumu, wavutishe ovalbumini ya asilimia 1 kwa nebulaiza (mashine ya kugeuza maji kuwa ukungu) kwa dakika 20 hadi 30, siku ya 28 hadi 30, kisha osha mapafu baada ya saa 24 hadi 48 uhesabu eosinofili (seli nyeupe za mzio). Ukiwavutisha kwa wiki nyingi, uvimbe wa mapafu hupoa wenyewe.

Panya wote wakigoma kupata mzio, soma mfuko wa chakula chao, na cha mama zao pia: kikiwa na yai, walishalizoea kabla hujachoma sindano.