Tumeenda Mtwara kupumzika, tukagongewa mlango "muda umeisha"

Nilisema nisubiri hasira ipungue ndo niandike, nimesubiri wiki na kitu haijapungua, kwahiyo naandika hivyo hivyo.

Mimi na baba Swaumu tuna miaka 16 ya ndoa. Miaka yote hiyo hatujawahi kutoka wawili peke yetu tukaenda mahali tukalala, kila safari yetu ni msiba, harusi ya mtu au mgonjwa hospitali ya Ndanda. Sasa hela ya korosho ya mnada wa mwisho ilivyoingia, siku hiyo tunakula akaniambia mama Swaumu wikiendi hii watoto waende kwa bibi yao, mimi na wewe tunaenda Mtwara, hatuendi kwa mtu, tunaenda kupumzika tu. Wallahi niliacha kula. Nikaenda kusuka, nikapaka hina, nikatoa ile dera niliyoiweka kwa ajili ya Idi.

Dar tuliiwaza tukaiacha, ni mbali, na tangu kile kimbunga Hidaya kikate barabara kule Kilwa mwaka 2024 mimi safari ya Dar naiogopa. Mtwara ni hapo tu, kilomita 100 na ushee kutoka Lindi, unapanda costa mchana, unapita Mnazi Mmoja unanunua korosho dirishani, ukiona maji ya Mikindani ujue umefika.

Baba Swaumu alipata namba ya hiyo lodge kwa mtu wanayefanya nae kazi. Jina silitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Ipo upande wa Shangani karibu na bahari. Alipiga simu mbele yangu kaweka spika, akapokea dada mmoja ana sauti nzuri, wakaelewana chumba cha juu chenye kibaraza kinachoangalia bahari, siku mbili elfu 70, akatuma elfu 40 ya kutangulizia, dada akasema "karibuni sana mje mpumzike". Hilo neno likumbukeni.

Tukafika Ijumaa jua linazama. Mapokezi tumemkuta kijana, sio yule dada. Ana earphone sikio moja, simu mkononi anaangalia mpira. Baba Swaumu kasalimia mara mbili ndo kainua kichwa. Akamwambia kijana wangu tumekuja kupumzika, nilipiga simu. Kijana akaniangalia mimi, dera yangu, hina yangu, akamwangalia mume wangu, akasema "elfu kumi". Baba Swaumu akajua labda hiyo ni ya kuongezea kwenye ile 40, iliyobaki tutamalizia asubuhi, akatoa. Tukapewa ufunguo, taulo moja nyembamba, na sabuni. Hiyo sabuni naiona mpaka leo. Ilikuwa kipande kimekatwa kwa kisu kutoka kwenye mche, kidogo kama kiberiti, kimefungwa kwa toilet pepa, imelowana imeganda juu ya sabuni. Kitabu cha wageni hatukuandikishwa. Wala hatukuulizwa jina.

Chumba chenyewe ni cha chini nyuma, ukutani kwa jenereta. Bahari haionekani, kinachoonekana ni tanki. Nikamwambia baba Swaumu hapa sipo tulipoambiwa, akasema labda cha juu kinasafishwa, tuoge kwanza nitaenda kuuliza. Yeye ni mtu wa taratibu hivyo, hapendi shari, kwahiyo mimi nikaingia bafuni yeye akajilaza.

Nimejipaka sabuni mwili mzima, hata sijajimwagia, nasikia mlango unagongwa. Sio kugonga kwa adabu, ni kupiga kwa ngumi. Alafu sauti: "OYA MUDA UMEISHA, KUNA WATU WANASUBIRI!"

Nikadhani wamekosea chumba. Baba Swaumu kafungua, yule kijana kasimama hapo na nyuma yake kwenye korido kuna mkaka na msichana mmoja wanasubiri kuingia, na pembeni wamama wawili sijui ni wageni sijui ni nani, wote wanachungulia. Kijana anasema mzee pumziko ni la muda mfupi tu, mkitaka kuendelea ongeza kumi nyingine.

Hapo ndo nikaelewa. Wenzangu ambao hamjui kama nilivyokuwa sijui, kwenye hizo nyumba ukisema unapumzika maana yake sio unachojua wewe. Maana yake umekuja na mtu wako wa pembeni, muda mfupi tu, mkimaliza muondoke. Kulala ni kulala na kupumzika ni hiyo nyingine. Tumekaa na wanaume zetu na watoto zetu hatujui kwamba neno letu limeshachukuliwa.

Nikatoka na lile taulo ambalo halifiki popote, povu linanichuruzika mabegani, nikasema wewe kijana huyu ni mume wangu wa ndoa, tumetoka Lindi, tumelipia siku mbili. Unajua alinijibu nini? Hakunijibu kwa ukali hata. Alinijibu kama mtu anayekuelewesha, akasema "dada, wote wanasemaga hivyo."

Wote wanasemaga hivyo.

Na yule msichana wa kwenye korido akacheka. Umri wake na wa Swaumu wangu ni kama mmoja.

Mimi nimetukanwa maishani, nimeuza samaki sokoni miaka sita, matusi ya sokoni nayajua. Lakini pale nilisimama mdomo umekauka. Nilikuwa nafikiria kitu kimoja tu, kama hapa kuna mtu ananijua. Mtwara na Lindi ni kama nyumba moja, shangazi zangu wapo Chikongola, wakwe wapo Magomeni ya hapo hapo, mtu akiniona nimesimama koridoni na taulo naambiwa muda umeisha, hiyo habari inafika Lindi kabla yangu na itakapofika haitakuwa hivi ilivyo.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa jikoni. Alitoka huko nyuma na mwiko mkononi, mtu mzima, akaona, hakuuliza kitu. Alifungua khanga yake ya juu akabaki na ya chini, akanifunika mabega yote mpaka miguuni, akawaambia wale wa koridoni "nendeni huko, mnaangalia nini, hamna mama zenu?" Alafu akaniambia ingia mwanangu kamalizie kuoga, hakuna wa kukutoa. Akasimama mlangoni yeye mwenyewe mpaka nimemaliza. Nililia bafuni. Sio kwa ajili ya yule kijana, nililia kwa ajili ya ile khanga, ilikuwa inanukia moshi na vitunguu kama ya mama yangu.

Sasa baba Swaumu nae kule mapokezi kawaka, mtu wa taratibu akiwaka ni shida. Kaonyesha meseji ya muamala, kijana anasema hiyo namba sio ya ofisi, ni ya dada aliyetoka zamu, mwambieni yeye. Dada simu haipatikani. Tukakaa kwenye viti vya plastiki nje na mabegi yetu, mbu wa Shangani nao hawana huruma, mpaka ikafika saa 3 usiku na ushee ndo dada akapatikana. Kumbe kila kitu alikiandika kwenye daftari, jina, siku, hela, chumba cha juu. Daftari lilikuwepo pale mezani chini ya kiwiko cha yule kijana. Hakulifungua tu.

Nikiwa mkweli, na hili linaniuma kulisema, chumba chenyewe cha juu ni kizuri. Kizuri sana. Shuka nyeupe za kunukia jua, neti haina tundu hata moja, maji yanatoka kwa nguvu, na kile kibaraza ukikaa asubuhi na mapema unaona ngalawa zinarudi, upepo unakuja taratibu, baba Swaumu kalala anakoroma kama hana deni. Sabuni ya huko juu ni nzima, ya kwenye karatasi yake. Nilivyoiona ile sabuni nzima hasira ikaanza upya. Kwahiyo walikuwa nazo. Kwahiyo kuna mtu anapewa sabuni nzima na kuna mtu anapewa kipande, na anayeamua ni kijana mwenye earphone kwa kukuangalia tu dera yako.

Jumamosi tulitoka. Mikindani tulienda na bajaji, tukaona yale majumba ya zamani na milango ya kuchonga, na ile boma ya Wajerumani ya mwaka 1895 ambayo siku hizi ni hoteli, kijana mmoja wa pale akatuonyesha na mahali anapotajwa Livingstone, yule mzungu mpelelezi, kwamba 1866 alianzia hapo safari yake ya mwisho ya bara. Baba Swaumu anapenda sana hizo habari, anauliza maswali mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nasikia nusu. Nikiona watu wananiangalia najiuliza huyu nae anaona nini. Hapo ndo nilijua yule kijana kaniharibia, maana mimi sio mtu wa kutembea nikiwaza watu wananionaje.

Mchana tukaenda Msimbati, tulichangia gari na familia moja ya Masasi, mnapita Madimba pale kwenye mtambo wa gesi, alafu mnafika getini kwenye hifadhi ya bahari mnalipa kiingilio. Nisiongee mengi, ile fukwe muone wenyewe. Mchanga mweupe na mgumu mpaka gari linapita juu yake, maji ya kijani. Lisaa lizima pale nilisahau kila kitu, tumeshikana mikono tunatembea kama wachumba. Kwa hilo lisaa nasema Mtwara nendeni, tena nendeni na waume zenu. Sisi wa Lindi tunapenda kujisemea kwamba sisi ndo tulikuwa mji mkubwa wa kusini kabla serikali haijahamishia makao makuu Mtwara, na tangu 1971 tuna mkoa wetu, sawa, lakini bahari ile ya Msimbati hatuna.

Turudi kwenye lodge maana ndo nililokuja kusema.

Jumapili asubuhi kaja msimamizi. Mwanaume wa makamo, shati limenyooshwa. Kakaa na baba Swaumu mezani, akamwambia "mzee samahani sana kwa yaliyotokea, ni bahati mbaya, vijana hawa, ndo biashara zetu unazielewa." Akamrudishia ile elfu kumi. Wakapeana mikono. Mimi nimekaa pale pale, kiti cha pili, nakunywa chai. Hakuniangalia. Samahani ilipita mbele ya uso wangu kama sahani ya mtu mwingine.

Aliyegongewa akiwa na povu mwilini ni nani? Aliyeambiwa wote wanasemaga hivyo ni nani? Baba Swaumu hata siku moja hakuna mtu atakayemuita jina baya kwa kuonekana na mwanamke lodge, sana sana watampongeza. Jina baya ni langu. Nikaweka kikombe chini, nikamwambia kaka, mimi ndo mama Swaumu, hiyo samahani ni ya kwangu. Akashtuka, akasema aah dada, sawa, samahani na wewe. "Na wewe." Ikatoka kama chenji iliyobaki. Hasira iliyonipanda hapo ilizidi ile ya Ijumaa.

Kijana mwenyewe siku hiyo hakuwepo zamu. Ningependa awepo. Sijui ningemwambia nini, pengine hata kumfokea nisingemfokea, maana nae kafundishwa na kazi, siku nzima anapokea watu wanaodanganya majina, mwisho anaona kila mwanamke ni yule yule. Hilo naliona. Ila nae ana mama. Daftari lilikuwa chini ya kiwiko.

Kwahiyo nilikuwa nimeshaamua, tangu asubuhi ile naingia costa kurudi, kwamba andiko langu litasema msiende hapo kabisa, chumba kizuri sio kitu kama mlangoni unavuliwa heshima. Na bado nasema msiende. Au mkienda, msitamke kupumzika, semeni tunalala, na ufunguo msiupokee mpaka muone jina lenu na la mwenzio yameandikwa kitabuni. Chakula chao mtakula vizuri, supu ya pweza na chapati za yule mama sijawahi kula tamu vile, Jumapili alinifungia na ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, ya kula njiani akakataa hela.

Baba Swaumu anasema korosho zikikubali mwakani turudi pale pale, chumba kile kile cha juu. Nilimwambia sirudi hata kwa bure. Lakini jana nilikuwa natoa nguo kwenye begi nifue, nikakuta khanga. Ile ya kahawia, pindo moja limefumuka, jina lake limefifia halisomeki. Nilijifunika nayo usiku wa Ijumaa na sikumrudishia, na yeye hakuniomba. Nimeifua, nimeikunja, ipo juu ya kabati. Kuituma kwa costa naona sio adabu.

Aliyeko Mtwara akipita Shangani akamkuta mama wa jikoni mwenye mwiko amwambie mama Swaumu wa Lindi anamsalimia, shikamoo yake, na khanga nitaileta mwenyewe.