Papa mwongozaji wa uwindaji, barabara ya Likasi

Nimewinda na waongozaji watatu kutoka hapa Lubumbashi, na huyu papa, yaani mzee, wa barabara ya Likasi ndiye nitakayemrudia. Tulikuwa wanne, vibali mkononi. Kabla ya kutoka alituketisha karibu na gari: risasi ya kwanza yenye kuua ndiyo yenye mnyama. Anayefuata anapiga ili mnyama asiteseke, hadai kitu.

Saa kumi na mbili asubuhi pongo dume, swala wa msituni, akatokea pembeni mwa msitu wa miombo. Nikapiga. Akaruka, akakimbia; mwenzangu akapiga, mnyama akaanguka. Tukabishana palepale, sauti juu. Papa hakutukemea. Alipiga magoti, akafunua manyoya kwa vidole: tundu langu nyuma ya bega, damu nyekundu yenye povu, ya mapafu; la mwenzangu kwenye paja. Kisha akaturudisha kama mita 100, mpaka kwenye matone ya povu hilohilo juu ya majani makavu, mahali ambapo risasi ya pili ilikuwa haijalia bado.

"Huyu alikuwa amekwisha kufa, baba. Miguu tu ilikuwa haijajua."

Mwenzangu akanipa mkono. Pembe zikawa zangu, nyama tukagawana, na mguu mzima ukaenda kwa mama aliyetupikia bukari (ugali) kijijini.

Maji ya kunywa hayakutosha, beba yako. Mwongozaji wangu wa awali, simtaji jina, alimpa mnyama wangu mteja aliyelipa zaidi. Hilo linaniuma mpaka leo.