Pampu ya kuvuta hewa kwenye klachi ya mafuta: uzoefu wangu wa miezi minne

Nilinunua pampu ya mkono ya kuvuta hewa kwa ajili ya kazi moja tu, nayo ni kutoa hewa kwenye klachi ya mafuta ya pikipiki yangu yenye injini ya lita moja, nikiwa nyumbani Kisauni. Pikipiki nyingi za abiria hapa Mombasa, Boxer na wenzake, hutumia waya wa klachi ambao fundi wa mtaani huurekebisha kwa dakika chache. Klachi ya mafuta, ambayo mkono wake husukuma mafuta hadi kwenye pistoni ndogo iliyo chini kwenye injini badala ya kuvuta waya, ni jambo jingine, na mafundi wawili niliowaendea walinishauri nibadilishe sahani za klachi kabla hata hawajafungua kifuniko cha kikopo cha mafuta kilichopo kwenye usukani.

Dalili zangu hazikuwa za sahani. Sahani zikiisha, injini huvuma bila mwendo kuongezeka. Yangu ilikuwa kinyume chake: kwenye foleni ya feri ya Likoni, ambako klachi hushikwa na kuachiwa tena na tena, mkono wa klachi ulikuwa ukilegea kila injini ilipopata moto, nyutro, yaani gia huru, haikupatikana, na hata nilipoubana mkono hadi mwisho pikipiki bado ilitaka kwenda. Nikiubana mara tatu au nne kwa haraka, nguvu zilirudi kwa muda. Hiyo ndiyo alama ya hewa, kwa kuwa mafuta hayabanwi ila hewa hubanwa, na nguvu ya vidole huishia kwenye povu badala ya kusukuma pistoni ya chini.

Nilipofungua kifuniko nilikuta mafuta ya rangi ya kahawa chungu. DOT 4, mafuta ya breki yanayotumika pia kwenye klachi yangu, hunyonya unyevu, na hewa yetu ya pwani haikosi unyevu mwaka mzima. Yakiwa mapya mafuta hayo hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 kiwango hicho huruhusiwa kushuka hadi 155, ilhali silinda ya chini ya klachi yangu imefungwa ubavuni mwa injini, penye joto kali. Kwa kawaida hushauriwa yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Mimi nilikuwa nimeyaacha miaka 4, na kosa hilo ni langu.

Pampu ilikuja na geji, kikopo cha kupokelea mafuta machafu na mipira miwili. Kwa kuondoa mafuta ya zamani ilifanya kazi nzuri sana: nilichomeka mpira kwenye nipeli ya kutolea hewa, nikailegeza robo mzunguko kwa spana namba 8, na mafuta yote machafu yakatoka bila tone kumwagika, huku nikiongeza mapya juu ili kikopo kisikauke. Hilo la tone si dogo, kwa sababu DOT 4 hula rangi ya tangi. Nilitandika kitambaa kilicholoa juu ya tangi na kuweka ndoo ya maji kando, maana mafuta haya huyeyuka katika maji na huoshwa upesi yakiwahiwa.

Tatizo lilianza hapo. Mapovu hayakuisha. Nilivuta kwa muda wa saa nzima, na kila nilipotazama mpira niliona mapovu madogo yakifuatana, mpaka nikaanza kushuku sili za silinda ya chini. Ndipo nilipogundua kwamba nipeli ikishalegezwa, pampu hunyonya hewa ya nje kupitia kwenye hesi zake. Nilizungushia hesi utepe wa tefloni, ule wa mafundi wa maji, nikihakikisha haufuniki tundu, na mapovu yakapungua sana. Maelezo yaliyokuja na pampu hayakutaja jambo hili hata kwa neno moja, na naliona ni upungufu mkubwa, kwani mnunuzi anaweza kununua sili asizozihitaji.

Hata hivyo mkono ulibaki mlegevu. Hewa hupenda kupanda, na mpira wa klachi hupanda kutoka kwenye injini hadi kwenye usukani, kwa hiyo pampu inayovuta kuelekea chini hushindana na hewa yenyewe. Nilikwenda duka la dawa nikanunua bomba la sindano la mililita 60, nikalijaza DOT 4 mpya, nikatoa hewa yote iliyokuwa ndani yake na ndani ya mpira mwangavu, kisha nikapunguza mafuta ya kikopo cha juu ili kisifurike. Nikasukuma kutoka chini, polepole mno. Baada ya muda mfupi povu moja kubwa lilitokeza kwenye kikopo, likafuatwa na mengine madogo, na nilipofunga nipeli na kuushika mkono nilihisi ugumu ambao sikuwa nimeuhisi kwa miaka. Usiku niliufunga mkono kwa kamba ukiwa umebanwa. Asubuhi, nilipoufungua, mapovu mawili matatu ya mwisho yalipanda.

Tangu siku hiyo nimekwenda Malindi na kurudi mara mbili, na nimevuka Likoni karibu kila wiki, bila nyutro kunipotea. Pampu naipa nyota 3 kati ya 5: ni chombo safi cha kubadilishia mafuta, lakini kwa klachi yangu haikutosha peke yake. Bomba la sindano halidumu, kwani raba yake ilikuwa ngumu kusukumika kufikia kazi ya pili, basi nunua jipya kila mara. Na kabla ya kumimina chochote, soma maandishi ya kifuniko, kwa sababu pikipiki kama BMW R1200GS hutumia mafuta ya madini kwenye klachi, na DOT 4 ikiingia humo huharibu sili zote.