Fazi na distoshani kwa mpigo mmoja: uzoefu wangu na Boss LS-2 hapa Malindi

Ukipiga gitaa la solo kwenye bendi za huku Pwani unaijua kero ya fazi (fuzz), ile pedali ya mguuni inayokwaruza sauti ya gitaa na kuinenepesha. Chumbani ni tamu, inajaza nyumba. Ngoma na besi zikishaingia inazama, watu wanasikia mvumo tu. Ukiipanga mfululizo na distoshani, pedali nyingine ya kukwaruza sauti, ndiyo balaa zaidi: hii inaponda kile ambacho ile imeshakiponda, na noti nne zikipigwa kwa pamoja zinakuwa uji.

Dawa yangu imekuwa kuzipanga sambamba. Sauti ya gitaa inagawanywa njia mbili, kila pedali inapewa njia yake, halafu zinakutana tena kabla ya amplifaya. Kazi hiyo naifanya kwa Boss LS-2, kile kisanduku cheupe chenye njia A na B, kila moja na kinobu chake cha sauti. Unaiweka kwenye A+B, kazi imeisha. Upande wa A nina fazi ya muundo wa Fuzz Face, yenye transista za silikoni. Upande wa B nina distoshani, ProCo RAT.

Nimeridhika nayo sana. RAT inatoa ukingo wa kila noti, fazi inaleta unene chini yake. Kwenye chakacha, ambapo vidole vinakimbia, naipandisha B na kuishusha A hadi fazi isikike kama kivuli tu. Nyimbo za taratibu za hotelini nafanya kinyume. Na ukiwa mgeni wa RAT, kinobu cha Filter kinapunguza trebo ukikipeleka kulia, si kushoto kama ulivyozoea.

Kuna watakaokuambia waya wa Y unatosha. Hautoshi. Fuzz Face, tangu ilipotoka London mwaka 1966, ina ukinzani mdogo sana pale sauti inapoingilia, ilhali RAT ina kama megaohmu moja. Ukizifunga kwenye waya mmoja, fazi inainyonya pikapu (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi za gitaa) na RAT inabaki na makombo yasiyo na trebo. Huko mwisho zinakokutana nako pedali zinalemeana. Bafa za ndani ya LS-2, yaani sakiti ndogo zinazopokea sauti na kuipitisha bila kuinyonya, zipo kuzitenganisha.

Ila bafa hizo hizo ndizo zinazoiudhi fazi, na hapa hakuna wa kulaumiwa, ndivyo sakiti yake ilivyo. Fuzz Face inataka kuongea na pikapu ana kwa ana. Ukiiwekea bafa mbele inakuwa kali, na ule utamu wa kushusha volyumu ya gitaa ili sauti isafike unapotea. Fundi redio wa Maweni alinitengenezea kikopo chenye volyumu ya kiloohmu 50, kinakaa kati ya njia A na fazi. Nikiongeza ukinzani, fazi inatulia na kusafika karibu kama zamani. Karibu, si sawasawa. Usiyetaka vikopo chukua fazi ya Big Muff Pi; hiyo bafa haiisumbui.

Jambo la kupima kabla hujalipa: kuna pedali zinazogeuza wimbi juu chini. Distoshani moja ya bei nafuu, jina naliacha, ilikuwa hivyo. Peke yake ilinguruma vizuri; ukiiwasha pamoja na fazi, besi yote inakimbia, sauti inabaki nyembamba kama ya simu. Nenda dukani na fazi yako, sikiliza moja moja, kisha zote mbili. Zikipungua badala ya kuongezeka, rudisha rafuni.

Kelele nayo inajumlishwa, msishangae. Mkiwa mmekaa bila kupiga, kanyaga swichi ya LS-2 uzizime zote.

Kuhusu fazi za gerimani (germanium), yaani zenye transista za gerimani badala ya silikoni, zile za asili zinazosifiwa sana: joto la Malindi haliziachi salama. Transista zake zinavuja zaidi zikipata joto, na jukwaani mchana wa Februari noti zinaanza kukatikakatika. Halafu nyingi zake zimeunganishwa chanya kwenye chasisi, kinyume na pedali nyingine za volti 9. LS-2 ina tundu la kugawia umeme pedali nyingine, na RAT za sasa unaweza kuzilisha hapo, lakini fazi ya namna hiyo usiichomeke kwenye mnyororo huo, utapiga shoti. Ipe betri yake.